Silinda ya Sita

Januari, Bakersfield. Ukungu umeyalalia mashamba ya lozi
na taa ya barabarani ina mtoto wa jicho.
Ndani ya gereji hita ya gesi inakoroma.
Wewe, Verlon Stiggers, umekalia ndoo iliyopinduliwa,
blanketi magotini, kofia machoni,
umenuna kama mtu aliyeitwa kushuhudia wizi wa mali yake.

Basi shuhudia.
Nimezishusha tarumbeta zako nane za kuvutia hewa,
zile ulizoziosha kwa vipande vya fulana zangu za shule,
nikazipanga mezani kama meno.
Nimezitoboa kwa keekee, moja moja, pembe ileile,
vumbi la alumini likinikaa kwenye nyusi,
nikapachika nozeli mpya, kila moja na waya wake mkiani.
Kila tundu lilipopenya, ulikohoa.
Nilihesabu: mara nane.

Pampu yako, Baba, ilikuwa karimu kupita kiasi.
Haikuuliza injini imeshiba au ina njaa;
ilizunguka na kumwaga, kama mwenye arusi,
kwenye joto la bonde na kwenye baridi ya mlima.
Taa nyekundu moja tu, macho yanatuchonyota.
Mama alinuka petroli hadi kanisani
na mchungaji akajifunza kutowasha mshumaa karibu naye.

Dawa yako ilikuwa kikopo cha vidonge vya shaba,
vitundu vyake havionekani mpaka uviinue kwenye mwanga,
kila kimoja umekikwaruza namba kwa msumari.
Hiki cha Julai. Hiki cha usiku wenye umande.
Na hiki kisicho na namba, cha kumshinda Lamar Tidwell,
ambaye hukumshinda.

Sasa mbele ya injini pana gurudumu la meno thelathini na matano.
La thelathini na sita limekatwa makusudi:
kompyuta husubiri pengo lipite
ndipo ijue injini imefika wapi.
Nilipokueleza hilo uliinua kofia kidogo,
ukapitisha ulimi penye pengo lako mwenyewe, lile la Fresno.

Pampu nimeiacha mahali pake.
Nimeitoa matumbo tu.
Atakayeinama kuitazama ataona kile alichokiona mwaka wa sitini na nne.

Saa nne usiku nikawasha.
Ikapiga chafya ya moto, ikasita,
ikashika.
Hakuna moshi wa kuchoma macho, hakuna kukanyaga mafuta kuibembeleza isizime.
Nikageuza skrini ikuelekee: visanduku mia mbili hamsini na sita.
"Umeona? Kijani kitupu."

Hukuangalia skrini.
Ulisimama, blanketi likaanguka,
ukazunguka upande wa kulia, ukaweka kiganja nyuma ya bomba,
ukafumba macho kama anayepima homa ya mtoto.
"Sita," ukasema. "Sita ina njaa."

Nikabisha. Nilibisha kwa maneno marefu, ya darasani.
"Toa plagi, Twyla."
Nikaitoa kwa glavu mbili. Nyeupe kama kaka la yai.
Kumbe pua ya kompyuta nimeipachika bomba la kushoto,
na sita iko kulia,
inaungua kimyakimya nje ya hesabu.

Ndani ya nozeli kulikuwa na unyoya wa alumini,
wa keekee yangu, wa mkono wangu,
mwembamba kuliko kucha ya mtoto mchanga.

Hukucheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Uliirudia ndoo yako, ukajikunyata, ukauliza
kama hilo jedwali langu lina mahali pa kukwaruza.
Lipo, nikasema, unaweza kuandika chochote.
Ukatia mkono mfukoni,
ukatoa msumari,
ukanyoosha kidole:
"Nisogezee hilo sanduku."