Kwangu Hakuna Hodi

Bwana Gareth aliung'oa mlango wa ofisi yake
siku ya pili tu tangu aje Bolton.
Alikuja na bisibisi yake, mikono ya shati ameikunja,
akasema: kwangu hakuna hodi.
Tukapiga makofi.
Ukutani akabandika: SISI NI FAMILIA.
Ijumaa piza. Jumatatu kikao cha kusimama,
kila mtu aseme moyo wake kwa dakika moja.
Zuwena wa kufungasha akasema miguu inamuuma.
Akashukuriwa kwa uwazi wake.

Kabla yake alikuwapo Doreen.
Huyo mlango aliubamiza.
Alifoka, alihesabu dakika za choo,
jina langu miaka minne hakulipatia.
Lakini usiku ule wa theluji, simu ilipoingia kutoka Tanga
kwamba mama hayupo,
alizivaa glavu zangu, akasimama kwenye mkanda wa biskuti
hadi alfajiri, hasemi kitu,
na kadi yangu akaipiga yeye saa kumi na mbili
ili nilipwe.

Simsifu. Zile dakika za choo sijazisahau.

Machi tukapunguzwa watu tisa.
Barua pepe ilianza: Wapendwa wanafamilia.
Nikapanda ngazi kumwona Gareth.
Yumo ndani, kanipa mgongo, visikizi masikioni.
Nikasimama penye fremu tupu,
bawaba mbili bado zimeng'ang'ania mbao,
nikakunja ngumi, nikainua mkono nibishe,

sikuona pa kubisha.