Mpangaji wa Safu ya Tatu

Rukaya ameniwekea kompyuta mezani,
kando ya sahani ya mihogo.
"Mjomba, jaribu. Ni ule mchezo wenu wa Barabara ya Kumi na Tano,
nimeuunda upya."

Skrini ikawaka.
Subhana, rangi!
Nyota zina vumbi, moshi una kivuli,
chombo changu kinang'aa kama kimetoka gereji ya Chumbageni
kupigwa rangi ya harusi.
Chetu kilikuwa pasi ya mkaa, basi:
pembetatu nyeupe na tundu la kutemea moto.

Na wale wavamizi, safu tano za kaa,
wakishuka du, du, du, du,
kama askari waliovaa viatu vya kuazima.
Tuliwasomea msemo wa mji wetu,
"waja leo, waondoka leo",
na kweli waliondoka,
ila waliokuja nyuma yao walikuwa na haraka zaidi.

Mashine ilikaa dukani kwa Shekue, fundi redio,
baina ya gunia la sembe na friji lisilogandisha.
Ilimeza shilingi tano, ikakupa roho tatu.
Roho tatu kwa shilingi tano!
Mama alinipa moja tu,
na kila siku alinikumbusha bei yake.

Usukani haukwenda kushoto
mpaka upige sanduku kwa goti.
Hata leo goti langu la kulia linajua kitu
ambacho daktari wa Bombo hakioni kwenye picha.

Maji ya Hale yakipungua, umeme unakatika,
alama zinakufa pamoja na skrini,
ndiyo maana Shekue aliziandika ukutani kwa chaki:
MHINA 41,870.
Chini yake mimi, mbali.
Chini yangu mtoto wa muuza kahawa,
aliyecheza akiwa juu ya kreti.

Nimecheza. Nimekufa mara tisa kabla chai haijapoa.
Hawa wa Rukaya wamesoma:
wanakwepa, wanavizia,
wanapiga pale unapokwenda, si pale ulipo.
"Vipi, mjomba?"
Nikamwambia, kuna mtu hayupo.

Safu ya tatu, wa nne toka kushoto.
Hakuwahi kurusha hata risasi moja.
Alikwenda kulia na wenzake, kushoto na wenzake,
akashuka nao, mikono juu,
kama mtu aliyepanga chumba
katika nyumba ya watu wagomvi.
Tukamwita Mpangaji.
Sheria yake haikuandikwa kwa chaki:
hapigwi mpaka abaki peke yake.
Aliyemfyatua mapema alinunulia soda kijiwe kizima
na hakuna aliyemwambia pole.

Rukaya akacheka.
"Mjomba, ile ilikuwa hitilafu.
Mtu alikosea namba moja huko ilikotengenezwa."
Nikasema, haya, ikosee tena.

Akakaa nayo hadi saa sita ya usiku.
Mimi nikampigia Mhina.
Hajafa, msinitolee machozi:
yuko Muheza, anahesabu machungwa,
ana mvi, meno pungufu, na lori moja bovu.
Nikamweleza rangi, nyota, moshi wenye kivuli.
Akasikiliza, wapakizi wakigombana nyuma yake,
kisha akauliza swali moja tu.

Nikaigeukia skrini. Wamebaki wawili.
Nikampiga mmoja.
Aliyebaki anakimbia ukingo hadi ukingo,
anashuka kidogo, anaongeza mwendo,
mikono juu.
"Yupo," nikasema.
"Umempiga?"

Goti langu likaigonga meza lenyewe,
sahani ikalia.
"Bado," nikamwambia. "Ngoja kwanza."