Kanuni

Mwalimu wa uchoraji alituandikia ubaoni
kanuni tano, chaki ikamvunjikia kwenye ya tatu:
mstari, umbo, kivuli, nafasi, uwiano.
"Mtihanini zinatoka hizi hizi," akasema,
akapangusa mikono kwenye suruali. Kengele ikalia.

Nikarudi Jadida na daftari langu
nikamkuta shangazi Saade amepakata kanuni yake,
ufunguo mkononi, kichwa amekiinamisha
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
"Unasoma nini?"
"Kanuni."
Akacheka hata ushungi ukamshuka.
"Yangu hii ina nyuzi sabini na mbili,
na haijakaa sawa siku mbili mfululizo tangu niolewe.
Hewa ya Wete majimaji.
Ngozi ya samaki iliyowambwa hapa chini ya daraja
inakunywa mvua kabla ya paa.
Asubuhi naiweka sawa, adhuhuri imeshaghairi.
Hizo zako tano, zinakaa?"

Nikamchora.
Nikatwaa rula, nikazipiga nyuzi zote,
mmoja mmoja, wembamba, sambamba,
penseli nikiichonga kwa wembe kila baada ya kumi,
hadi msikitini wakaadhini Alasiri.
Akavaa miwani, akatazama. Akaivua, akaifuta, akatazama tena.
"Mashaallah. Umenichorea uzio wa kuku.
Uzi unaolia uko wapi?"

Sikujua.

Akatia pete kidoleni, ile yenye kipande cha pembe,
akaudonoa mmoja wa chini, mnene.
"Tazama. Usisikilize, tazama."
Nikaona uzi umepotea.
Mahali pake pamesimama kitu kama moshi,
kipana katikati, chembamba miishoni,
kikatetemeka, kikapungua, kikapungua,
mpaka kikawa uzi.

Kumbe mstari ukilia huwa kivuli.
Hilo ubaoni halikuwapo.
Nikalowesha dole gumba kwa mate, nikausugua mmoja,
mmoja tu kati ya sabini na mbili,
na karatasi ikachafuka vizuri.

Halafu akalaza kijiti cha shaba chini ya uzi mwengine.
Sauti ikashuka, si hatua,
wala si nusu ya hatua. Nusu ya ile nusu.
"Hii kinanda cha skuli yenu hakina.
Kina cheupe, kina cheusi.
Hii imekaa kizingitini, haingii, haitoki."
Nikaitafuta kwa penseli chini ya taya lake,
pale ambapo si kweusi wala si karatasi,
nikatia, nikafuta, nikatia.
Mpaka leo sina hakika kama niliipata.

Mtihanini niliandika zote tano kwa mpangilio
na nikafaulu.

Sasa miye ndiye mwenye chaki.
Na masikio ya shangazi yamefunga,
la kulia kwanza, la kushoto mwaka huu, baada ya Idi.
Kila Ijumaa napita kumfungulia sanduku.
Naweka taa ya mezani ubavuni, chini kabisa,
mwanga ulale juu ya nyuzi.
Sina sikio lake, sikuwahi kuwa nalo.
Nina macho.
Kila sauti moja imebebwa na nyuzi tatu,
na zikihitilafiana hata kwa unywele
ule moshi wao haupungui taratibu,
unavimba na kunywea, unavimba na kunywea,
kama watu watatu wanaogombania shuka moja.
Nakaza mpaka ugomvi uishe.

Yeye ameweka kiganja wazi juu ya ubao,
macho kafumba.
Nakaza. Anatikisa kichwa: bado.
Nakaza tena, kidogo tu, pumzi nimeibana.
Mimi naona moshi umetulia.
Bado, anasema.
Nje mvua inadondoka kwenye mabati,
moja, mbili, hazijajaa,
na ile ngozi, najua, imeshaanza kunywa.