Kuliweka Chini

Baba alinyanyua jiwe la kilo mia na hamsini
kwa dau la ndama mmoja,
sikukuu ya kijiji, mvua ikinyesha.
Ndama alikuja nyumbani kwa miguu yake.
Baba aliletwa kwa machela.

Ndama tulimuuza tukamlipa daktari.
Nami nimekua nikimwona Baba akifunga viatu
kwa kukalia ngazi ya tatu,
si ya pili wala ya nne,
maana mgongo wake ulipatana na ngazi hiyo tu.

Mimi ni tarishi, naitwa Eneritz.
Asubuhi napeleka barua mashamba ya juu,
huku kwetu kwenye milima ya Wabaski,
ambako njia hupanda kama inamkimbia mdai.
Jioni nafungua ghala, nawasha taa.
Jiwe lipo. Halijawahi kuniuliza kwa nini nimechelewa.

Nilianza na kilo arobaini, mwaka niliotimiza arobaini.
Majirani wakacheka: huo ni mto wa kulalia!
Sikubishana nao.
Lilikuwa laini kweli, baada ya miezi minane.

Daftari langu halina mashujaa:
*Machi, sitini.
Aprili, sitini.
Mei, sitini, ila bila kusaga meno.
Juni, hamsini na tano. Mafua.*

Beñat mwenye duka la zana
alipita siku moja akalisoma, akaguna.
"Mwezi wa tatu uko palepale?
Maumivu ndiyo nauli, mwanamke."
"Nauli ya kwenda wapi?" nikamuuliza.
Alitazama paa la ghala muda mrefu,
kisha akanunuliwa kahawa, na mimi.

Kuna uchungu unaobisha hodi
na kuna uchungu unaovunja mlango.
Wa kwanza naukaribisha: mapaja yanawaka,
pumzi inakwenda na kurudi kama msumeno,
tunakaa pamoja, tunazoeana.
Wa pili ukinyemelea tu dirishani
nazima taa, nafunga ghala, naenda kula.
Kula nako ni mazoezi. Kulala pia.
Hili lilinichukua miaka mitatu kuliamini.

Mwaka huu, Agosti, mbele ya kanisa,
nilifunga mkanda wa kitambaa, mizunguko saba.
Kilo mia.
Magotini, likaja.
Mapajani, likatulia kama mtoto aliyeshiba.
Kifuani, likaegemea kidevu changu, baridi,
likinuka mvua ya zamani.
Bega lilikuwa karibu, shubiri moja na nusu.
Watu mia tatu wakavuta pumzi kwa ajili yangu.

Ndipo dirishani, upande wa kushoto wa mgongo,
nikaona kivuli.

Nikaliweka chini.
Sikulitupa, sikuliachia:
kifuani, mapajani, magotini, godoroni.
Umati ukasema aaa,
ile aaa ya maziwa yaliyomwagika.

Nasema kweli, iliniuma.
Nilikwenda nyuma ya gari la mkate nikalia kidogo,
kilio cha mtu aliyekuwa anataka sana.

Baba akanikuta huko, fimbo yake ikitangulia.
Miaka thelathini hakuwa ametaja mawe.
"Lilikuwa zito?" akauliza.
"Lilikuwa karibu."
Akatazama mikono yangu, si uso.
"Mimi," akasema, "hiyo njia ya kulishusha
hakuna aliyenionyesha."
Kisha akataka kujua kama soseji zimebaki.

Usiku nikaandika:
*Agosti, mia, hadi kifuani. Nimelirudisha mwenyewe.*
Na chini yake, kwa penseli:
*Septemba, tisini na nne.*

Asubuhi niliinama katikati ya barabara,
mfuko wa barua begani,
nikafunga kamba za viatu
bila kutafuta ngazi.
Kulikuwa na barua moja ya nyumba ya juu kabisa.
Nikaanza kupanda, polepole,
mluzi ukinitoka wenyewe.