Uzi wa Kukatwa

Gari nilikwisha lilipia,
noti zimehesabiwa mara mbili juu ya boneti,
lakini Bogumił hakuuachia ufunguo.
Januari, Łódź, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
pumzi zetu zinatoka kama ekzosi mbovu.

"Kwanza oili," akasema.
"Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari limesimama sawa.
Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena.
Mara ya kwanza kijiti husema uongo."

Nikanyoosha mkono. Akaendelea.
Baridi ikizidi, matairi hunywea: pima upepo.
Na lile la akiba pia,
lile ni kama jirani wa ghorofa ya chini,
humkumbuki mpaka yakufike usiku.
Chumvi wanayomwaga barabarani hula bati kimyakimya.
"Watu huosha paa, ndiko macho yaliko.
Kutu huanzia miguuni."

Hapo akatazama miguu yangu.
Viatu vyangu vilikuwa na ramani nyeupe ya chumvi.
"Maji, siki kidogo, kitambaa. Gazeti ndani.
Usivianike juu ya hita, ngozi ilikwisha kufa mara moja,
inatosha."

Kisha koti. Alinizunguka
kama mimi ndiye ninayeuzwa.
"Bega limekukaa. Bega likikaa, mengine ni kazi ya fundi.
Lakini huu msalaba hapa nyuma?"
Kwenye mpasuo wa koti, nyuzi mbili zilizopishana,
miaka mitatu nimetembea nazo
nikidhani ni pambo.

"Nilizishona hizi miaka ishirini na miwili,
kiwandani, kabla hakijafungwa.
Zinashika nguo isikunjike safarini. Ikifika, unazikata.
Uzi huu huwekwa ili ukatwe, binti."
Akatoa mkasi mdogo mfukoni, akainama
katikati ya theluji, tramu ikipita imejaa watu wanaotutazama.
Tik.
"Sasa tembea."
Nikatembea mpaka kwenye pipa la taka na kurudi.
Koti lilikuwa na hatua zake mwenyewe.

Ufunguo bado anao.

Kiwanda kilipofungwa, alipewa kiti na sare ya kijivu,
ukumbi wa tatu wa jumba la picha, miaka kumi na mmoja.
"Wanaingia kama walioalikwa karamu,
wanadonoa kila sahani, wanatoka na njaa.
Chagua picha moja. Kibao cha maelezo kisome mwisho.
Uliza mwanga unatoka wapi.
Na vaa viatu laini; hakuna aliyewahi kupenda picha
kidole chake kikilia."

Yake ilikuwa ya mwanamke anayemenya kiazi dirishani.
"Mwaka wa kwanza niliona rangi ya kahawia.
Wa pili, kisu. Mwaka wa nne ndipo nikaona
kiazi kimekwisha menywa,
na yeye bado anamenya."

Akanyamaza.
Theluji ilikuwa imeanza tena, ile nyepesi isiyo na haraka.
Nikasema, "Mzee. Ufunguo."
Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine,
akaufungua, kidole kimojakimoja.
"Klachi usiikanyage kwa hasira," akasema,
akaenda zake bila kugeuka.

Jumapili niliamka mapema. Injini baridi, gari sawa.
Chini ya kiti nikapata tambara la kufutia:
mkono mzima wa sare ya kijivu,
kifungo bado kimekazwa kwenye pingili yake,
kwa mshono ambao hakuna mashine ingeuweza.
Nikachomoa kijiti. Nikafuta. Nikarudisha.
Nikachomoa tena.

Oili ilikuwa imejaa hadi alama ya juu,
mpya, rangi ya asali.
Aliibadilisha kabla sijafika siku ile,
na katika maneno yake yote
hilo hakulisema.