Timazi

Pasi ilipotoka, Bi Mwanamkuu aliigeuza huku na huku.
"Watakulipa ngapi?"
Hawalipi. Nauli, godoro, wali maharage.
Akacheka hadi chai ikampalia.
"Mganga hajigangi! Nyumba yako Pongwe haina paa."

Kweli. Imekwama kwenye lenta, mwaka wa tatu huu.
Mbuzi wa Semkiwa hulala sebuleni,
na chumba cha wageni kimeota mpapai
nisioupanda. Nimeshakula mapapai manne.

Lakini wageni wale walipokuja kujenga Mabokweni
nilikuwepo, kibarua wa kukoroga zege.
Agata, muuguzi huko kwao Polandi,
ukuta wake ulitoka na kitambi.
Niliangusha timazi, sikusema neno.
Akautazama uzi. Akautazama ukuta.
Akabomoa mwenyewe, tofali moja moja,
akilifuta kila moja udongo kwa kiganja,
kisha akaninyooshea mwiko:
"Tena, fundi."

Fundi.
Miaka kumi na moja kwenye saiti za Tanga
nimeitwa dada, we mama, lete maji.

Sasa ni Msumbiji, ambako mafuriko yalisomba mtaa mzima.
Pimamaji nimeiviringisha ndani ya gauni la Idi,
mwiko ndani ya kanga.
Timazi nitaishika mkononi; wakiuliza mpakani ni nini
nitaiachia ining'inie, wajionee.

Semkiwa, mbuzi sawa, walale.
Ila papai lile la upande wa dirisha
likiiva kabla sijarudi,
mpelekee Bi Mwanamkuu.
Mwambie limetoka chumba cha wageni.