Kifungu cha Saba

Waliileta ndani ya boksi la sponji,
nyeusi, nene, kingo zake za mpira wa njano
kama buti la mtoto.
Eladio, msimamizi, akanikabidhi pamoja na fomu:
“Wewe, Hermelinda, huna huruma na vitu.
Itese wiki mbili, kisha ujaze.”

Niliitesa.

Siku ya kwanza iliniponyoka ngazini,
ikagonga chuma, ikagonga pipa, ikatua kwenye tope la msumeno,
lile tope la kijivu linalokula kucha.
Nikaiosha kwa mpira wa maji, kama kiazi.
Ikawaka. Saa yake sahihi kuliko ya ofisini.
Nikaandika: Kuanguka, haijali.

Maji: mvua ya Valdeorras haibishi hodi,
huingia kwenye kola, kwenye mkate, kwenye sigara ya Amaro.
Kwenye simu haikuingia.
Vumbi: niliilaza chini ya meza ninapogonga patasi
na jiwe likafunguka kurasa kurasa,
vigae vyembamba vya mapaa ya watu nisiowajua.
Vitufe: vinabonyezeka kwa glavu, isipokuwa tano,
huitika mara mbili; nilimpata bwana mmoja wa Ourense,
alikuwa anakula, tukaagana vizuri.

Kikabaki kifungu cha saba. Kamera.
Moja hadi kumi.

Hapa kila kitu hupigwa: jiwe, simu, sasa picha.
Nikapiga supu ya kabichi, ikatoka dimbwi.
Nikampiga Amaro akicheka:
meno yalikuwepo, Amaro hakuwepo.
Nikapiga mlima, kijivu juu ya kijivu,
ila hilo si kosa la simu.

Alhamisi jua lilitoka dakika tatu.
Nikaielekeza kwenye kreni kubwa, basi tu.
Nikaikuza picha, kitufe baada ya kitufe,
na pale kamba ya chuma inapopinda kwenye gurudumu
niliona nywele.
Nyuzi kumi, kumi na mbili, zimesimama
kama za mtu aliyeamshwa ghafla.
Tani nane huning’inia hapo
juu ya kofia ya Amaro
mara arobaini kwa siku.

Eladio akaiweka simu mbali, akaileta karibu.
“Kamera za kuchezea hizi. Huo ni uchafu kwenye kioo.”
Nikafuta kioo kwa ncha ya skafu.
Nikapiga tena.
Uchafu ulikuwa palepale, umeongezeka uzi mmoja.

Saa ya chakula simu ilizunguka meza,
mkono kwa mkono, kama chumvi.
Hakuna aliyegoma.
Tulikula polepole tu.
Kengele ikalia, tukamenya machungwa.
Kengele ikalia tena. Xoán akaomba kisu,
akalimenya lake kwa utepe mmoja mrefu usiokatika.

Jumatatu walikuja wawili kutoka Ponferrada
na kamba mpya kwenye roli lake.
Eladio alitia saini akitazama pembeni.
Kisha akanirudishia fomu yangu, kifungu cha saba
keshakijaza kwa kalamu yake ya bluu:
Hafifu. Tatu kwa kumi.

Sikuifuta tatu yake. Picha kweli ni mbaya.
Lakini chini kulikuwa na mistari miwili, Maoni mengine,
nikailamba penseli, nikaandika:
Rekebisheni tano.
Kamera msiiwekee kifuniko.